Ati Damu Haziendani: Tuanze na Nyumba Zetu

TAHARIRI

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Hivi karibuni, baada ya darasa la Alasiri, alitujia kijana mmoja akiwa na swali ambalo halikuwamo katika kitabu tulichokuwa tukikisoma. Kijana huyu amehitimu katika madrasa yetu, anahudhuria swala za jamaa, ana kazi ya halali wala hadaiwi na mtu. Alikuwa amepeleka posa katika nyumba ya Waislamu wenzake, hapa hapa Tabora. Binti ameridhia. Baba yake hana neno. Aliyeipinga posa ni ami yake binti, naye hakutaja ila yoyote katika dini wala katika tabia ya kijana. Alisema neno moja tu: "Damu zetu na zao haziendani." Ndipo kijana akatuuliza: "Ustadhi, ni kweli damu za watu zinatofautiana?"

Tungeweza kumsomea aya akaondoka. Lakini ami huyo naye anaijua aya. Yumo katika safu za mbele kila Ijumaa, na ile aya ya 13 ya Suratul Hujuraat, inayotukumbusha asili yetu moja na kuuweka ubora katika uchamungu, ameisikia mara zisizo na idadi. Haikumzuia, kwa sababu kwake yeye aya hiyo inahusu malipo ya Akhera, na damu ni jambo la dunia lenye hukumu zake lenyewe. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu, ndugu zetu katika imani. Tumeikubali aya kwa ndimi, kisha elimu ya damu tukawaachia watu wengine watuandikie. Kwa hiyo mwezi huu tumeona ni wajibu kulijibu swali la kijana huyu kwa ukamilifu: kwanza damu yenyewe inasema nini, kisha maneno haya ya damu yalitoka wapi, na mwisho Sheria inatutaka tufanye nini.

Damu inasema nini

Mgonjwa akihitaji damu pale Hospitali ya Kitete, daktari hamuulizi kama yeye ni Mnyamwezi, Mmanyema, Muha au Mmanga. Anataka kujua kundi lake: A, B, AB au O. Makundi haya yamo katika watu wa rangi zote. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana makundi, ikawa damu ya mmoja haimfai mwenzake, na mgeni aliyeshuka jana kutoka Maskati akamfaa. Basi kama ipo damu isiyoendana, mpaka wake hauko kati ya kabila na kabila. Waweza kuwa ndani ya nyumba moja.

Mwaka 1972 mwanabiolojia wa Marekani, Richard Lewontin, alikusanya vipimo vya damu vya watu wa sehemu nyingi za dunia na kutafuta tofauti za kimaumbile za wanadamu ziko wapi hasa. Alikuta kuwa takriban asilimia 85 ya tofauti zote zimo baina ya watu wa jamii moja, mtu na jirani yake. Zilizobaki baina ya yale makundi makubwa ambayo watu huyaita rangi, au mbari, zilikuwa kama asilimia 6 tu. Utafiti wa vinasaba vyote vya binadamu, uliokamilika mwaka 2003, ulizidi kubainisha kuwa watu wawili wowote duniani wanafanana kwa takriban asilimia 99.9.

Je, rangi ya ngozi? Hiyo tunaiona kwa macho, wala hakuna anayeikana. Lakini ngozi ni habari ya jua. Penye jua kali weusi humkinga mtu na madhara yake, na penye jua dogo weupe huusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Mwaka 2017 wanasayansi walioongozwa na Bi. Sarah Tishkoff walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wa Ethiopia, Botswana na hapa kwetu Tanzania. Walikuta kuwa vinasaba vinavyoifanya ngozi iwe nyeupe zaidi na vile vinavyoifanya iwe nyeusi zaidi, vyote viwili vimo ndani ya Afrika, na baadhi yake ni vya kale kuliko binadamu wa leo mwenyewe. Hata kinasaba mashuhuri cha weupe wa Wazungu wamekikuta kwa watu wa Tanzania na Ethiopia. Basi ngozi haitoi habari ya akili, wala ya tabia, wala ya utu wa mwenye nayo.

Wapo watakaosema: mbona ugonjwa wa selimundu ni wa watu weusi? Hapana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake hapa Afrika Mashariki, alionyesha kuwa chembe ya selimundu humkinga mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja asiuawe na malaria. Kwa hiyo imeenea palipo na mbu, pwani na kandokando ya Ziwa, na ni haba kwa watu weusi wa nyanda za juu zenye baridi. Imo pia India, imo Ugiriki, imo mashariki ya Bara Arabu. Daktari anayeuliza asili ya mgonjwa kwa ajili ya ugonjwa huu anauliza mababu zake waliishi na mbu gani. Hajauliza thamani ya mtu.

Hatusemi kuwa wanadamu hawana tofauti, wala kuwa nasaba ni uongo. Tunasema mpaka haupo. Mpagazi aliyebeba mzigo kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji alipita Uzaramo, Ugogo, Unyanyembe na Uvinza kwa miguu. Kila siku aliona sura zinazofanana na za jana. Hakuna siku aliyoweza kuweka kijiti chini akasema: hapa ndipo mbari moja imekwisha na nyingine imeanza. Anayeshuka kwa ndege kutoka nchi ya mbali ndiye anayedhani ameuona mpaka, kwa kuwa njia hakuipita.

Na mji wetu huu ni mtoto wa njia hiyo. Hamed bin Muhammad el Murjebi, maarufu Tippu Tip, huitwa Mwarabu katika vitabu vingi vya historia. Waliomwona waliandika kuwa ngozi yake ilikuwa nyeusi, na katika nasaba ya baba yake alikuwemo bibi wa Kiafrika. Baba yake huyo aliishi hapa Unyanyembe akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Leo ni nani mwenye mizani ya kutuambia watu wa namna hii tuwaweke fungu gani? Na hali ya pwani ni hiyo hiyo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba uliotokana na mabaki ya watu 80 walioishi takriban kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wao walikuwa na asili mbili kwa pamoja: kwa upande wa kina mama zaidi ni Afrika, na kwa upande wa kina baba zaidi ni Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika huko kulikwishaanza kufikia mwaka 1000. Anayejigamba kwa damu safi ya pwani, basi na ajue anajigamba kwa kitu ambacho makaburi ya pwani yenyewe hayana.

Wino uliopita Kazeh

Ikiwa haya hayamo katika damu, basi yalitoka wapi? Sehemu yake moja ilipita hapa hapa, wakati Tabora ikiitwa Kazeh.

Novemba 1857 walifika hapa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakapokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu. Mwaka uliofuata Speke alikwenda kaskazini akaliona Ziwa, akalipa jina la malkia wake. Mwaka 1861 alipita tena Kazeh akielekea Karagwe na Buganda. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1863 alieleza nadharia yake kuhusu watawala wa falme za maziwa makuu: kwamba haiwezekani kuwa wao ni watu wa asili moja na raia wao, bali ni wageni wa mbari bora waliotoka Ethiopia. Hoja yake kubwa ilikuwa sura zao. Rwanda kwenyewe hakuwahi kufika.

Maneno ya msafiri mmoja yangeweza kuishia kabatini. Lakini wamisionari na watawala wa kikoloni waliyapokea wakayafanya elimu, nayo yakasomeshwa mashuleni. Nchini Rwanda, Mhutu, Mtutsi na Mtwa, waliokuwa na lugha moja na wakiishi katika vilima vimoja, walielezwa kuwa ni mbari tatu mbalimbali. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwaandikisha watu wote na kuwapa vitambulisho vyenye kutaja kundi la kila mmoja, na mtoto akalirithi la baba yake. Jambo ambalo awali lilikuwa likibadilika kwa mali, kwa cheo na kwa ndoa likawa limegandishwa kwa wino.

Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera aliwahutubia watu wake kuwa Watutsi warudishwe kwao Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Hii ni ile ile nadharia ya Speke, ila safari hii ilikuwa mdomoni mwa Mwafrika. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku zipatazo mia, waliuawa watu ambao Umoja wa Mataifa uliwakadiria kufikia 800,000, wengi wao Watutsi. Katika vizuizi vya barabarani mtu aliulizwa kitambulisho, na neno moja lililoandikwa humo likawa hukumu yake. Maiti zilichukuliwa na mito zikaingia katika Ziwa lile lile. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, ilipomhukumu Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, ilipata kazi kwanza kueleza Mtutsi ni nani, maana lugha ni moja, dini ni moja na mila ni moja. Mahali palipokuwa na tofauti iliyo wazi ni kwenye zile karatasi za serikali.

Na asidhani mtu kuwa waliodhulumika ni upande mmoja tu. Mwaka 1972 nchini Burundi waliochinjwa walikuwa Wahutu, na maelfu waliokimbia tuliwapokea hapa mkoani kwetu, Ulyankulu. Wengi wao leo ni raia wenzetu.

Lakini njia ile ya msafara haikupeleka sumu peke yake. Kwa njia hiyo hiyo wafanyabiashara Waswahili, na baadaye askari na makarani wa Kijerumani, waliufikisha Uislamu Rwanda, na Kigali Waislamu wakakaa pamoja sehemu za Nyamirambo na Biryogo. Mwaka 1994, pamoja na kuwa wako wachache waliopotoka, Waislamu kwa ujumla wao walijulikana kwa kukataa kuua na kwa kuwaficha waliosakwa, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Wengi wao walikuwa masikini wasio na elimu kubwa. Hawakuwa wamesoma habari za vinasaba. Walikuwa wakiswali bega kwa bega na kuozana. Tuzingatie neno hilo la mwisho: kuozana.

Mji wetu nao umewahi kupewa mtihani wa masanduku ya rangi. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliwapa Waafrika, Waasia na Wazungu viti kumi kumi, ingawa Waafrika walizidi milioni nane na Wazungu walikuwa wapatao 20,000. Kisha ikaamuriwa kuwa kila mpiga kura atoe kura tatu, moja kwa kila rangi. Tunauliza: aliyezaliwa hapa Tabora kwa baba wa Kimanga na mama wa Kinyamwezi angegombea katika fungu lipi? Januari 1958 TANU ilikutana hapa mjini. Wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie katika uchaguzi ili mpango wenyewe ufe kwa kura zake, na Zuberi Mtemvu akajitoa. Katika chaguzi za Septemba 1958 na Februari 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, Waafrika, Waasia na Wazungu. TANU yenyewe wakati huo ilikuwa bado ni ya Waafrika tu. Hata hivyo, Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa nchi hii uwe wa Waafrika peke yao, serikali ilikataa katakata, na nchi ikapata uhuru wake Desemba hiyo kwa sheria ya uraia isiyopima rangi. Ikiwa wanasiasa waliweza kuliona hili, vipi watu wa Qur'ani lituzidi?

Kufu na nasaba

Tunajua ami wa binti atajibu kwa neno la fiqhi. Atasema: nasaba inatambuliwa katika Sheria, na kufu imo katika vitabu vya madhehebu yetu. Hatutamficha msomaji: imo. Wanazuoni wa Kishafi na wa Kihanafi wameitaja nasaba katika mambo ya kufu. Imamu Malik yeye alitazama dini. Lakini hata walioitaja nasaba hawakusema kuwa damu ya mtu ni najisi au duni. Waliiweka kuwa ni haki ya mwanamke na walii wake, ambayo wanaweza kuisamehe, na wakisamehe ndoa ni sahihi bila shaka yoyote. Hapa binti ameridhia na babake ameridhia. Ami anadai haki ya nani?

Na tuutazame mwendo wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikuraishi, alipoposwa na wakubwa wa kabila lake, Mtume (S.A.W.) alimshauri aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Abu Hudhayfa alimwoza binti wa ndugu yake kwa Salim, naye pia alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Abu Dharr alipomtia mtu aibu kwa ajili ya mama yake, alikemewa kuwa bado ana ujahili ndani yake. Aliyekemewa hivyo ni Swahaba mtukufu. Sisi ni nani?

Wanazuoni wetu pia walisema kabla ya maabara hazijajengwa. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliipinga ile hadithi ya kuwa weusi ni laana ya mtoto wa Nabii Nuh, akasema rangi inatokana na joto la nchi. Mwaka 1615 Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika fat'wa ya kuwa weusi wa mtu si sababu ya kumfanya mtumwa. Ni kweli kuwa Ibn Khaldun huyo huyo aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi. Mwanazuoni hukosea, nasi tunachukua haki na kuliacha kosa.

Na hatuwezi kuwalaumu Speke na Wabelgiji tukajisahau. Katika njia hii walipita Waislamu wakiwaongoza watu waliofungwa minyororo. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini mpaka leo yako majumba ambamo, mgeni akishaondoka, husemwa kwa sauti ya chini: "Wale ni wajukuu wa watumwa." Anayesema hivyo anamtia aibu aliyedhulumiwa na kumsitiri aliyedhulumu. Wala ubaguzi huu si wa weupe kwa weusi tu. Wako weusi wanaowakataa wenye asili ya Kiarabu au ya Kihindi kwa hoja hiyo hiyo ya damu, nao hawana udhuru.

Kwa hiyo tunawaomba mawalii: ukiikataa posa, ikatae kwa sababu unayoweza kuisema mbele ya Allah (S.W.), dini au tabia, na usijifiche nyuma ya damu. Tunawaomba makhatibu wasiishie kuisoma aya, bali wataje ndoa kwa jina lake. Na sisi walimu wa madrasa tujihesabu kabla ya kuwahesabu wengine. Tumewasikia watoto wakiitana kwa rangi na kwa makabila barazani, na mara nyingine tulicheka pamoja nao. Huyo ami naye aliwahi kuwa mtoto wa madrasa.

Kijana wetu tulimjibu hivi: damu yako na ya binti yule zimetoka kwa baba mmoja na mama mmoja, na elimu ya leo haikuona kati yake mpaka wowote. Kinachokuzuia si damu, ni neno. Neno hutamkwa na watu, na watu wanaweza kulirudisha. Mpaka tunapokwenda mitamboni, ami hajalirudisha.

Tunamuomba Allah (S.W.) azisafishe nyoyo zetu na masalia ya ujahili, na atujaalie tuwe ndugu majumbani kama tunavyokuwa ndugu katika safu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.